Tumbusi Hawakushuka

Kwetu Kasoli, ng'ombe akipotea hatukurupuki kuingia porini. Tunatazama juu kwanza. Ukiona tumbusi wanazunguka mahali pamoja, ujue mzoga uko pale. Unakwenda moja kwa moja, na ngozi unaiwahi. Baba alitufundisha hivyo kabla hatujajua kusoma.

Baba huyohuyo ndiye aliyemwaga dawa ya pamba juu ya mzoga wa mtamba wake. Fisi walikuwa wamemuua, naye akapandwa na hasira. "Waje sasa, washibe!" Alikufa fisi mmoja. Tumbusi walikufa mpaka tukachoka kuwakusanya. Na majirani, jamani, badala ya kumkanya wakamsifu, nao wakafanya vilevile. Baada ya misimu michache juu kukabaki mawingu tu.

Kisha kaka yangu alikwenda kuchunga karibu na mpaka wa hifadhi. Ng'ombe walirudi jioni peke yao. Tukapiga mwano, yowe la kuita watu, na kijiji kizima kikaingia porini. Siku zilipopita tukiwa bado mikono mitupu, baba alipanda juu ya kichuguu akatazama mbinguni. Akatazama weee. Hakuna kitu. Nilitamani nione tumbusi, hata mmoja, na nilijua ninatamani nini. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Uongo! Wetu alimwingiza mwanawe. Mpaka leo hatuna kaburi.

Mwaka huu afisa wanyamapori alikuja kutueleza kwamba nchi yetu imetia saini mkataba na mataifa mengine, kulinda viumbe vyote. Tumbusi huruka nchi hadi nchi, alisema, kwa hiyo sumu ya kijiji kimoja ni msiba wa wengi. Vijana wakacheka, wakauliza kama wana pasipoti. Mama hakucheka, akasimama kumuuliza yule afisa.

"Wakirudi, mwanangu, watajua pa kushuka?"

"Watajua, mayu, tukiwaachia miti mirefu ya viota."

Mama akaketi. Baba alikuwa akitazama chini.

Juzi tumbusi mmoja akaonekana, mbali, upande wa hifadhi. Baba siku hizi miguu inamsumbua, lakini alichukua jembe akaondoka hata kofia hakuvaa. Nilimfuata nikimwita, baba, imepita miaka, rudi. Nilimkuta amekaa chini, jembe mapajani, mbele kidogo kuna mzoga wa mbuzi na yule ndege anakula. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Usimfukuze," aliniambia.