Mkate wa Siku ya Mji

Mwenzangu kazini, tunayehudumia naye wazee kule Rissne, pembeni mwa Stockholm, ametoka Ukraine. Kila mwaka mji wao husherehekea siku yake: barabara kuu hufungwa, watu huvaa mashati yaliyotariziwa, bendi hupiga mpaka watu wachoke wenyewe. Waliokimbilia Stockholm waliamua kuiadhimisha ukumbini, na mwenzangu alikuwa na shida moja tu, mama yake. Tangu wafike mtaa wa Husby, mama hakutaka kutoka nyumbani. Alisema sherehe ya mji bila mji wenyewe ni upuuzi. Kwa kubembelezwa sana alikubali kuoka mkate wa kupokelea wageni na kuubeba yeye mwenyewe.

"Naomba tu siku hii isiharibike," mwenzangu aliniambia. "Ikiharibika, hatatoka tena."

Nami, kwa kiherehere changu, nikamshauri aialike kamati yetu ya utamaduni wa Waswahili. Hiyo ni kamati inayokutana mwaka mzima kuandaa sherehe ya siku moja. Tuliwahi kubishana kuhusu rangi ya sare mpaka tukasahau kutafuta ukumbi.

Tulichelewa, bila shaka. Mwenyekiti wetu, Mtanzania anayeishi Norsborg, anaamini kwamba mgeni rasmi akiwahi anajishushia hadhi. Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, bibi mwembamba, ameshika mkate mkubwa wa duara juu ya kitambaa cha kutarizi, na kibakuli cha chumvi katikati yake. Desturi yao ni rahisi: mgeni anamega kipande, anachovya kwenye chumvi, anakula, anampisha wa nyuma. Nilikuwa nimemweleza mwenyekiti kwenye treni, lakini alikuwa anasahihisha hotuba.

Basi akaupokea mkate kwa mikono miwili, akainama kwa adabu zote tulizofunzwa, akampa mkewe. Mkewe akaufunga na kitambaa chake na chumvi yake, akautia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda kukaa mbele. Foleni ya wageni ikabaki imekodoa macho. Mama alisimama vilevile, mikono mitupu.

Hasira zilinipanda. Nikamfuata yule mke.

"Dada, toa huo mkate. Ni wa watu wote."

"Mdogo wangu, zawadi tumepewa sisi. Tuifungue mbele ya aliyetupa? Tutaonekana walafi."

"Si zawadi! Unaliwa hapa hapa."

"Mlangoni? Bila sahani?"

Wakati huo mwenyekiti ameshashika maikrofoni. "Itifaki imezingatiwa," alisema kwa Kiswahili, kisha akaanza kuwataja waheshimiwa mmoja mmoja, akijitafsiria mwenyewe kwa Kiswidi. Alisifu undugu. Alisifu ukarimu, hasa wa mkate. Nilipofaulu kuuchomoa mfukoni, chumvi yote ilikuwa imemwagika. Niliupangusa kwa ncha ya leso yangu, nikamrudishia mama.

Mama akamtazama mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa amefika kwenye historia ya kamati. Akamuuliza bintiye, yule mwenzangu, jambo. Binti akanitafsiria kwa Kiswidi, uso umemwiva.

"Anauliza, huyu ni naibu meya wenu?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Anasema wa kwetu alikuwa hivi hivi. Kila mwaka watu wanasubiri muziki, yeye anahutubia."

Mama akamega mkate, akautafuna pale pale bila chumvi. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, halafu akalia waziwazi, nami nikalia naye. Alipojifuta macho akauliza tena.

"Sherehe yenu ni lini? Na yeye atahutubia?"

"Mwambie hakuna wa kumzuia."

"Basi anasema atakuja."

Mwenzangu, aliyembembeleza mama yake mwaka mzima ateremke angalau mpaka uani, aligeuka akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.