Kitabu Nilichosema Nimekichoma

Mjukuu wangu Halima nilimwambia hadithi ni uongo mtupu, na kitabu chake nimekichoma. Kumbe nakisoma kwa siri! Hadithi fupi ni balaa: moja inaisha kabla chai haijachemka, na moyo hautulii mpaka ufungue nyingine.

Juzi askari walitupanga foleni, mimi na Halima na wengine, sokoni Garissa, wakitafuta risasi za waasi wa kishifta. Nikakibana kitabu ndani ya shuka.

"Mama, umeficha nini hapo?" askari mmoja akaniuliza.

"Uzee wangu."

Akaninyooshea bunduki. Halima akalia, "Ayeeyo, bibi yangu, toa hicho kitu, watakuua!"

Nikakitoa. Askari akakipekua ukurasa kwa ukurasa, asione risasi. Halima akafuta machozi, akanikazia macho.

"Ayeeyo, si ulisema umekichoma?"

Foleni nzima ikanigeukia.

"Bado hadithi mbili," nikasema.