Barabara Iliyopinda Kanamkemer

Enzi zetu pale Kanamkemer, Lodwar, nyumba hazikuwa na namba. Ukitutafuta uliambiwa uulize kwa Mama Akiru, yule mwenye mbuzi mkorofi, na ulifika. Mama Akiru ndiye mama yangu. Kibanda chetu alikijenga mwenyewe kwa matawi na makuti ya mikoma. Joto likizidi tulilala nje, mchanga ukatuingia hadi masikioni.

Miaka hiyo ya tisini wakaja wapimaji na kamba na vigingi. Barabara mpya itapita hapa, wakasema, vibanda vyote vitoke. Ajabu ni kwamba ilipofika kwenye nyumba ya mawe ya ofisa jirani yetu, barabara ilipinda kama nyoka aliyekanyagwa, ikaizunguka, kisha ikanyooka tena.

Mama akamuuliza mpimaji, "Na sisi twende wapi?"

"Popote ambapo barabara haipiti, mama."

"Pale mbele ya lango la ofisa, inapita?"

"Hapana, pale haipiti."

"Ejok," mama akasema. Ni vizuri.

Kesho yake akina mama wakavunja vibanda, wakabeba matawi kichwani, wakajenga upya mbele ya lango lile. Sisi watoto tulifurahi kupita kiasi. Ofisa alikuwa na televisheni ya kutumia betri ya gari, nasi tukaitazama dirishani, tukicheka hata taarifa ya habari. Mbuzi wetu alimaliza maua, akahamia kwenye kamba ya nguo. Moshi wa samaki tuliochoma ukaingia sebuleni bila hodi.

Siku ya nne au ya tano ofisa akatoka, shati la kazini limeliwa kola.

"Mama Akiru, mtahama lini?"

"Tumeshahama, mzee. Tumefuata ramani yenu."

Wapimaji wakarudi upesi. Safari hii barabara ikapelekwa kando ya mto mkavu, pasipo na nyumba ya mtu, nasi tukarudi kwetu, mbuzi akiburutwa kwa nguvu.

Siku hizi nakaa kwenye fleti yenye namba mlangoni. Juzi tulibandikiwa notisi ya kuhama, eti jengo limeingilia barabara. Mwanangu akaipiga picha, akairusha kwa marafiki zake na vikatuni vya kulia, kazi ikaisha. Nikamwambia aache simu, twende tukawaite majirani.

"Sawa, baba," akasema. "Wanaitwa nani?"

Nikatoka koridoni, nikaanza kusoma namba za milango.