Kadi Yenye Jina la Zuena

Zuena alianza kuzikusanya mwaka 2001, kabla hajajua ni kadi za nini. Alikuwa dobi katika hoteli ndogo mjini Kitale, ambako hulala wageni wanaokwenda kuangalia ndege kwenye mbuga ya Saiwa au kupanda Mlima Elgon. Kila asubuhi, kabla ya kuloweka nguo, alipekua mifuko. Siku moja akatoa kwenye suruali ya mzungu mmoja kadi nyekundu ya plastiki, yenye picha ya matunda matatu na jina la mtu kwa herufi za dhahabu. Akampelekea Mwihaki wa mapokezi ili mwenyewe arudishiwe. Mgeni yule alicheka tu, akasema dobi abaki nayo, nyumbani anazo tele.

Aliyemweleza ni za nini ni mgeni mwingine, mama mmoja mzee Mmarekani. Hizo ni kadi za kasino. Mchezaji huichomeka yake kwenye mashine ya kamari ili mashine imjue na kumhesabia pointi. Wengine huifunga nguoni kwa kamba iliyojikunja kama ya simu ya mezani, wasije wakaisahau.

Zuena aliposikia neno kamari alitaka kuitupa. Alilelewa Bungoma, hatua chache kutoka msikitini, na hakuwahi kushika hata karata. Lakini hakuitupa, wala zile alizozikuta baadaye mifukoni. Kilichomvuta ni majina. Jioni, chumbani kwake mtaani Matisi, aliyasoma polepole akijiuliza huyu Dolores wa kadi mojawapo ni mtu wa namna gani, kama ana watoto, kama anapenda chai au kahawa.

Wageni wengine wakasikia, wakawa wanamwachia zao. Aliyemletea nyingi zaidi ni Abdi, dereva wa gari la watalii, mwanamume wa miaka thelathini na kitu asiye na maneno mengi. Aliwaomba abiria wake kadi za zamani, akazifunga kwenye gazeti, na kila alipopitia Kitale akampa. Zuena alimmiminia chai, akainywa akiwa amesimama, akaenda zake. Hawakuwahi kuambiana zaidi ya hapo. Kufikia mwisho wa 2005 Zuena alikuwa na kadi mia moja na kumi na mbili, zimepangwa ndani ya albamu ya picha.

Desemba hiyo Abdi akamletea moja kutoka Mombasa. Ilikuwa mpya kabisa. Jina lililoandikwa juu yake lilikuwa ZUENA. Alipoinua macho ili amuulize, Abdi alikuwa ameshawasha gari.

Mwezi uliofuata, Idi ya kuchinja, alikwenda Bungoma kwa kaka yake Nasir, muuza vitambaa, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Albamu aliibeba ili amwonyeshe wifi yake, Shamira. Nasir alipita nyuma yao, akasimama, akaichomoa ile kadi na kuisoma mara mbili.

“Zuena,” alisema kwa sauti ya chini, “tangu lini?”

Zuena alieleza yote, kuanzia suruali ya yule mzungu. Nasir akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema angeyaamini hayo yote isipokuwa hilo jina. Chakula cha Idi hakukigusa. Hilo lilimuuma Zuena kuliko kama angekaripiwa. Akaomba simu ya Shamira, akampigia Abdi kwa mara ya kwanza.

Abdi alifika siku ya pili, kanzu yake imepigwa pasi, akakaa ukingoni mwa kochi. Nasir akamuuliza kama kweli aliingia kasino.

“Niliingia. Sikucheza. Nilijiandikisha nikatoka.”

“Na jina la dada yangu?”

Abdi alitazama mikono yake. Alisema pale kadi ya pili hupewa mke au mume wa mwanachama peke yake.

“Kwa hivyo nikasema ni mke wangu.”

Nyuma ya pazia, Shamira alimshika Zuena mkono. Nasir akauliza kwa nini.

“Alikuwa nazo mia na kitu, zote za watu wengine. Nilitaka awe na yake.”

Nasir akamwambia kwamba uongo ni uongo, na kuingia mlango wa kasino ni jambo la kumwomba Mungu msamaha. Abdi alikubali. Ndipo Nasir akamuuliza watu wake wako wapi. Nakuru, akajibu, mama na ami wawili.

“Basi waje,” alisema Nasir. “Maneno kama haya hayaletwi na mtu mmoja.”

Walioana Aprili, wakapanga nyumba ya vyumba viwili hapo Matisi. Abdi hakukanyaga tena kasino. Siku moja, wakikunja nguo, Zuena alimuuliza kulikuwaje mle ndani. Akasema taa zilikuwa nyingi, hakukuwa na saa ukutani, na akina mama wazee walikaa peke yao mbele ya mashine. Kisha akasema msichana aliyekuwa akiandikisha kadi alimwomba alitaje lile jina herufi moja moja, naye akalitaja, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema mbele ya mtu.