Shofaji ya Kindu

Kindu ni mji wa baridi kali, kila mtu ajua: baridi ya kutokwa na jasho hata ukiwa umekaa. Kwa hiyo siku Neema, dereva wa maternite, hospitali ya wazazi, alipoingiza gari lake kuukuu katika garaji na kusema shofaji, kile kipasha-joto cha ndani ya gari, haipulizi tena, mafundi vijana walicheka mpaka funguo za nati zikawaponyoka mikononi.

"Mama Neema, leta na koti la manyoya tulishone!" akasema Djo, aliyesomea ufundi ndani ya simu yake. "Hii feni tutoe, tutupe. Kindu njo Ulaya?"

Neema hakucheka. "Radieta imeziba. Ya mupya itakuja na ndege toka Goma kisha wiki mbili, kama Mungu na ndege wamepatana. Kesho asubuhi naenda Kalima kuchukua mama mumoja, mutoto amelala kikingama tumboni, lazima apasuliwe hapa. Ile milima yote, injini itachemka mara kumi."

Pembeni, juu ya tairi lililopasuka, alikaa Papa Mardochée, ambaye vijana walikuwa wamemwachia heshima kubwa ya kuosha nati kwa mazutu, yaani dizeli. Akasimama polepole.

"Shofaji njo radieta ya pili," akasema. "Maji ya moto ya injini yanapita mule, feni inauchukua ule moto, inawatupia watu. Injini inapona. Watu, tutaona."

Hayo hakuyasoma kwenye simu. Wakati wa vita Kindu ilikombolewa mara nyingi mno, na kila wakombozi walipofika walikomboa kitu kwake: kwanza baiskeli, halafu mbuzi, halafu sanduku la funguo, na mwisho mlango wa nyumba, sijui walikwenda kuufunga wapi. Walimwachia shofaji moja tu, aliyoing'oa katika mzoga wa gari. Hata mwizi ana akili. Nani ataiba shofaji Kindu?

Treni ilikuwa haiji, mashamba ya nje yana wenye bunduki, watu wakapanda muhogo hadi kandokando ya avenye za mji. Majembe yakaisha. Papa Mardochée akaifunga ile feni kwenye betri na kipande cha solari, ikampulizia makaa, akafua majembe kwa vyuma vya magari yasiyo na wenyewe. Sharbo za mota, vile vipande viwili vyeusi vinavyopitisha umeme, zilipolika, alichonga nyingine kutoka katika mawe ya redio, zile betri ndogo, kwenye kile kijiti cheusi cha katikati. Mtaa ukala muhogo. Medali hakupewa. Medali walipewa waliochukua mlango.

Basi akaifungua mota ya feni ya gari la Neema. Sharbo zilikuwa zimelika kama meno yake mwenyewe.

"Djo, leta mawe ya redio."

Djo akarudi na mawe mapya, yanang'aa. Wakayapasua: ndani uji mtupu, hakuna kijiti. Ya zamani, yale manene ya bei ya chini, hayakuwako dukani.

Papa Mardochée alijua yalipo. Yalikuwa manne, ndani ya redio yake, na jioni ile timu yake ilikuwa inacheza, ile inayofungwa kila juma kwa uaminifu. Akaenda nyumbani, akarudi nayo mfukoni.

Kijiti cha kwanza kikavunjika, cha pili kikavunjika. Djo akaacha kucheka. Viwili vya mwisho mzee alivisugua kwenye saruji taratibu, kama mtu anayepangusa uso wa mtoto, mpaka vikakaa. Feni ikalia kama mbuzi, ikapuliza, na mende wa miaka kumi wakamrukia Djo usoni.

Kesho yake alasiri Papa Mardochée alikuwa "anapita tu" mbele ya hospitali, kwa mara ya sita. Gari likafika, madirisha wazi, Neema ameloa kama aliyetoka kuoga mtoni. Bibiche, mama wa Kalima, akateremshwa amelowa zaidi.

"Muntu gani mujinga alitengeneza hii shofaji? Kilometa mia napikwa kama ndizi ya lituma!"

"Ni mimi, mama."

"Mungu akusamehe!"

"Amina. Neema, ilichemka?"

"Hata mara moja, papa."

Bibiche akaingizwa ndani. Mzee akakaa ukutani, hapiti tena, hadi muuguzi Anne akatoka akipangusa mikono. "Mutoto wa kike. Mama yake iko muzima."

Papa Mardochée akashusha pumzi. "Na timu yetu jana?"

"Ilipigwa tatu bila, papa."

"Aa," akasema, akiinuka. "Basi mawe yangu hayakupotea bure."