Mpima Udongo wa Msituni

Ponsian, mrina asali wa Kasokola, hakumwamini yule mpima udongo hata kidogo. Kila asubuhi alimkuta msituni, karibu na mizinga yake, akigongelea bomba la chuma ardhini kwa nyundo, kisha akilichomoa taratibu. Udongo alioutoa aliunusa kwanza, ndipo akaukwangua kwa kisu na kuutia kwenye mfuko mdogo, na kisu alikifutia kwenye suruali, paja lile lile siku zote. Kucha zake zilikuwa nyeusi kama za mchimbaji.

“Bwana mtaalamu, dhahabu umeipata?” Ponsian alimuuliza siku moja.

“Sitafuti dhahabu, mzee,” alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. “Hewa ya ukaa inazidi, na nitrojeni ya moshi na mbolea inashuka na mvua. Miti inanenepa. Nataka kujua kama udongo nao unaitunza kaboni ya hewa hiyo, au unaiachia irudi angani.”

“Na mkikuta unaitunza, msitu mtaufunga, sisi warina tusiingie?”

Mikono ya yule bwana, isiyojua kutulia, ikatulia juu ya bomba.

“Hilo wanaamua wengine, mzee.”

Ponsian akarudi nyumbani kuchukua kamba. Jioni ile akaanza kushusha mizinga yake mitini.