Shakwe Juu ya Buruburu

Mwezi uliopita, rafiki yangu, nilipanda boti kule Watamu na wenzangu wa kazini, tukaenda kutazama ndege wa baharini. Nilikuwa mgeni kabisa wa shughuli hiyo. Kila nukta nyeupe iliyotokea mbali niliipa jina, na kila jina likawa silo. Mwishowe mwelekezi wetu akanihurumia.

"Achana na rangi, mama," akasema. "Kwa umbali huu rangi inadanganya. Tazama anavyopiga mbawa."

Maneno kama hayo niliyasikia utotoni, Buruburu, ambako bahari tuliijua kwa picha za kalenda tu.

Nyanya yangu aliletwa kwetu kutoka kando ya ziwa ili atibiwe macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika pande zote mbili, akabaki kuona mwanga na vivuli. Lakini daktari alipotaja kisu, nyanya alikataa katakata. "Heri giza ninalolijua," alimwambia baba, na baba, mtu wa reli asiyezoea kubishana na mamake, akaufyata. Basi nyanya akakaa. Aliomba kuku wa kumpa shughuli, na ua wetu mdogo wa nyuma ukajaa vifaranga.

Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuwalinda na mwewe. Nakumbuka harufu ya dagaa wa omena mama akikaanga, kwaya ya kanisa ikirudia ubeti mmoja hadi sisi watoto tukaujua kuliko wao, na mngurumo wa Jogoo Road usiokoma. Nyanya aliketi kwenye kigoda akichambua mboga kwa vidole, uso ameuelekeza juu kana kwamba anaona.

"Shosh, kuna kitu kule!" nilikuwa nikipiga kelele.

"Kitu gani? Niambie vizuri. Mkia una pengo katikati? Anapiga mbawa ama anaelea?"

Nikisema mkia una pengo, aligonga sufuria kwa mwiko na kuku wakakimbilia chini ya karo la kufulia. Nikisema miguu mirefu imenyooka nyuma, aliendelea na mboga zake. "Huyo ni korongo, anaenda jalalani. Mwache apite."

Alasiri moja, mvua kubwa ikiwa imekatika tu, alipita ndege nisiyemjua. Mweupe, mbawa zimechongoka, akipiga polepole kama asiye na haraka na mtu.

Nyanya akaweka mboga chini. "Kichwa?"

"Kama cha kijivu."

"Analia?"

Tukasikiliza. Sauti kali, ya kukwaruza, ikatufikia. Nyanya akasimama, mkono ukitafuta ukuta.

"Huyo ni wa kwetu," akasema. "Ni shakwe wa ziwani. Amefikaje huku? Yuko wapi sasa?"

Nikashika kidole chake nikakielekeza angani, nikakisogeza polepole hadi ndege akapotea nyuma ya paa za majirani. Nilipogeuka, machozi yalikuwa yakimtiririka. Tulipoketi kula, akamwambia baba, bila kuulizwa, "Nipeleke kwa huyo daktari wako."

Alipasuliwa jicho moja, baadaye la pili. Bandeji ilipotolewa alinitazama sana, akanishika kidevu. "Kumbe una pua ya mamangu, na hakuna aliyeniambia!" Sote tukacheka. Kesho yake akatoka uani, akaangalia juu mwenyewe, akagonga sufuria kabla sijafungua mdomo. Nilifurahi, lakini pia nilihisi kama nimeachishwa kazi. Haukupita muda akarudi ziwani kwake, na huko ndiko alikozikwa.

Siku hizi ukipita mtaani kwetu, nyua zile zimejengwa vyumba vya kupangisha hadi ukutani, ghorofa juu ya ghorofa, na anga iliyobaki ni kipande cha kuanikia nguo. Mwewe bado wapo. Kuku ndio hawapo, na hakuna mtoto anayetumwa kukaa nje aangalie juu. Maishani watu wengi wameniuliza nimeona nini. Hakuna aliyewahi kulingoja jibu langu kama yeye.